Mnagombana nyie, mama anaingiaje?

Hebu tuulizane leo, msomaji wangu, maana jambo lenyewe tunalisikia kila kukicha mpaka masikio yameota sugu. Wanaume wawili wakikorofishana na mmoja akataka kummaliza mwenzake kwa maneno, anamtaja nani? Mama! Hamtaji baba, ambaye huenda ndiye aliyemrithisha mwenzake ule ukorofi. Anamtaja mama wa watu, aliyejikalia zake nyumbani anachambua mboga, tena anamtaja kwa tusi la nguoni ambalo gazeti haliwezi kulichapa. Wanawake wakishikana nywele, neno la kwanza kuruka ni "malaya". Na mwanaume akitaka kumdhalilisha mwanaume mwenzake bila kufika kwa mama, anamwita mwanamke. Basi uanamke umekuwa ghala la matusi la nchi nzima. Kila mwenye hasira anaingia, anachota, anaondoka.

Jibu la haraka tunalo wote, tulipewa msikitini, kanisani na darasa la tatu: matusi ni mabaya, mtoto mzuri hatukani, kwisha kazi. Mimi nataka tuende mbele kidogo. Je, hakuna kabisa siku, mahali au sababu ya kuruhusu maneno hayo? Maana wapo wanaosema ipo. Wapo wanaosema ni utani tu. Wapo wanaosema mkubwa asiyesikia maneno matamu atasikia machungu. Nimelibeba swali hili kati ya Mikumi na Kilosa, na sijajuta, kwani sehemu hizo mbili zinalijibu kila moja kwa namna yake.

Mikumi wengi tunaipita tu. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inaikata hifadhi kwa kilomita 50 hivi, abiria wanachungulia dirishani kutafuta tembo, halafu basi linaingia mjini. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1964 na wageni wanaijia kwa ndege, lakini mji wenyewe, tusidanganyane, unalishwa na malori. Malori yanapangana kama treni, madereva wanateremka kula na kulala, na palipo na madereva pana gesti, pana baa, pana mama ntilie na wasichana wanaokimbilia madirisha ya mabasi na ndizi, karanga na mahindi ya kuchoma. Biashara haijui saa. Saa sita za usiku bado kuna mtu anakaanga chipsi.

Hapo ndipo neno "malaya" linatumika kama chumvi, kila chungu limo. Muuza ndizi akigoma kupunguza bei, neno. Mhudumu wa baa akikataa kukaa mezani kwa mlevi, neno. Nilikuwapo mama ntilie mmoja alipomdai tingo wa lori pesa ya wali maharage. Kijana kala, kanawa, katoa pesa pungufu. Mama akang'ang'ania iliyobaki, sauti ikapanda kidogo. Kijana akageuka, akamtupia hilo neno mbele ya kadamnasi, akaongeza na jingine la nguoni kwa uzito. Watu wakaangua kicheko.

Sasa angalia kilichotokea, maana ndicho kiini cha makala haya. Kabla ya tusi, mada ilikuwa deni la wali. Baada ya tusi, mada ikawa mwenendo wa mama. Aliyekuwa mdai akageuka mshtakiwa, akaanza kujieleza kwamba yeye ana watoto, ana mume safarini, hajawahi hiki wala kile. Deni likasahaulika palepale. Lori likawashwa, tingo akarukia juu, akachukua hamsini zake. Kwa hiyo wanaosema tusi ni upepo tu, halivunji mfupa, wamuulize yule mama upepo ule ulimchukulia kiasi gani.

Nilimuuliza, mama, mbona usiende polisi? Alinitazama kama vile nimetoka mwezini. "Mwanangu, nikaseme nini? Wataniuliza nilikuwa natafuta nini barabarani usiku ule." Kilichomchoma zaidi hakikuwa pesa. Binti yake yuko sekondari, na wanafunzi wenzake huwa wanapita pale wakitoka kununua mafuta ya taa na vitumbua. Kesho yake binti angeyakuta yale maneno yamemtangulia darasani, na jina la mama likishachafuka hapa mjini, hurithiwa na binti kabla hata hajakua.

Sasa nije kwenye maneno yenyewe, maana nayo yana mambo yake. Chukua hilo hilo "malaya". Mwanahistoria Luise White, aliyeandika kitabu kuhusu Nairobi ya wakoloni kilichotoka mwaka 1990, anaeleza kwamba wakati ule wanawake wa kazi hiyo walikuwa na daraja zao. Kulikuwa na watembezi, waliotafuta wateja mitaani. Wazi-wazi, waliokaa nje ya milango yao. Na malaya, ambao walikaa ndani, wenye heshima zao, wanakupikia chai na chakula na hawapigi kelele. Baadhi yao walijenga nyumba Pumwani kwa pesa zao wenyewe. Yaani katika kundi lile malaya ndiye aliyekuwa bibi mstaarabu! Leo neno limebaki, ustaarabu umeondolewa, nyumba zimesahaulika.

"Changudoa" nalo. Changu ni samaki, tena mtamu, na changudoa ni yule mwenye doa jeusi ubavuni. Hana kosa lolote, kazi yake ni kuogelea. Miaka ya 1990 mji wa Dar es Salaam ukampachika kazi nyingine, na sasa mwenye genge akitaka kumnadi samaki huyo inabidi asitesite kwanza. Halafu kuna "shoga". Pwani mwanamke alimwita rafiki yake shoga, kwa upendo kabisa, na kuna kina mama wanaoitana hivyo mpaka leo. Neno la urafiki wa wanawake likahamishiwa kwa mwanaume, likawa tusi linaloweza kumpa mtu kipigo. Halikubadilika chochote isipokuwa aliyeitwa. Ukilifikiria hilo kwa utulivu unapata majibu mengi.

Hata mikono yetu hatukuiacha. Kiswahili cha zamani kinauita mkono wa kulia mkono wa kuume, na wa kushoto mkono wa kike. Wakaguru, wenyeji wa milima ya kaskazini mwa Kilosa na Gairo, nao wanapanga hivyo hivyo: kulia kwa mwanaume, kushoto kwa mwanamke. Mmarekani mmoja, T. O. Beidelman, aliyeanza kuwachunguza mwaka 1957, aliliandikia jambo hilo makala nzima mwaka 1961. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba matusi haya yameletwa na video na miziki ya siku hizi. Shina lake liko chini sana.

Na magazeti tusijitoe, tena kurasa za michezo ndizo zinaongoza. Timu ikifungwa baada ya kupigana sana tunaandika "imekufa kiume". Ikifungwa kizembe, mashabiki wanasema wamecheza kama wanawake. Haya, Simba Queens mwaka 2022 walikwenda Morocco kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake, wakafika nusu fainali, wakamaliza wa nne. Twiga Stars wamecheza fainali za Afrika mwaka 2010 na wakarudi tena 2025. Mwenye timu yake ya kiume iliyotolewa raundi ya awali angeombea icheze kama wanawake!

Lakini hebu geuza kibao. Mwanaume anatukanwa kwa neno gani la mwenendo? Mwenye wanawake sita anaitwa kidume, jogoo, mkali. Ukimwita malaya anacheka, anaona umemsifu. Ndiyo maana nililipenda jambo moja lililotokea mwaka 2008, redio zilipoanza kurusha vile vipindi vifupi vya Fataki. Mtu mzima mwenye pesa anamvizia mwanafunzi, anaumbuliwa, wasikilizaji wanacheka. Kabla ya hapo fataki ilikuwa kitu cha kulipuka tu. Baada ya hapo, ukisimamisha gari karibu na shule kumpa lifti binti, watoto wa barabarani wanakupigia kelele: "Fataki huyo!" Wataalamu wa kampeni walikaa chini wakatengeneza tusi la kiume kwa makusudi, na likashika. Nimewahi kumwona mheshimiwa mmoja akipandisha kioo cha gari haraka haraka kwa neno hilo moja.

Basi tusi lile ni halali? Mimi nasema ndiyo, na sababu yangu ni fupi. Linamtaja mtu kwa alichokifanya, si kwa alivyozaliwa. Asiyevizia watoto halimgusi. Halimbebi na mama yake, na mwanaume mwingine aliyepita njia hapati hata cheche. Ukimwita mtu "mwanamke" kwa kumtukana, umewapiga wanawake wote waliopo pale, pamoja na aliyekuuzia karanga unazotafuna.

Tukisema jambo hili ni la kucheka tu tutakuwa tumewasahau wengine. Februari 1990, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Levina Mukasa, alijitoa uhai baada ya kuandamwa na manyanyaso ya kijinsia ya wanafunzi wenzake wa kiume. Siku zile chuoni kulikuwa na kitu kikiitwa Punch, au Mzee Punch: michoro na maandishi ya ukutani yasiyo na jina la mwandishi, yakimvua mtu nguo mbele ya chuo kizima. Kilianza kama kejeli kwa wakubwa, na wenyewe walijitetea kwamba ni utani wa wasomi. Msichana aliyemkataa mtu angeweza kuamka akajikuta ukutani. Baada ya kifo kile Punch ikapigwa marufuku, na TAMWA, chama cha wanawake wa vyombo vya habari kilichoanzishwa mwaka 1987, kikalishika suala hilo kwa miaka. Naomba lile neno "utani wa wasomi" ulitunze, tutalirudia tukifika Kilosa.

Na wasije wakasema ni mambo ya vijana. Mei 2016, wabunge wanawake wa upinzani walitoka nje ya ukumbi wa Bunge Dodoma, wakilalamika kwamba mwenzao wa chama tawala amewadhalilisha kwa kudai kuwa viti maalumu wamevipata kwa mapenzi na wakubwa wao. Tofauti ya hapo na pale kwa mama ntilie ni viyoyozi tu. Mchezo ni ule ule: mwanamke kaja na hoja, anajibiwa kwa kitanda.

Sheria ipo, usidhani hamna. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 89, inamkamata anayetumia lugha ya matusi kwa namna inayoweza kuleta uvunjifu wa amani. Mwaka 1998 ikaja sheria ya makosa ya kujamiiana, ile inayoitwa SOSPA, ikaongeza kwamba kumbughudhi mtu kijinsia, hata kwa maneno, ni kosa la jinai. Maandishi mazuri kabisa. Ila sheria inahitaji mlalamikaji, na mlalamikaji tumeshamsikia anaogopa kuulizwa alikuwa natafuta nini barabarani usiku.

Twende Kilosa. Njia ya kutoka Mikumi inakupitisha kwenye kijiji kinachoitwa Ulaya, kwa hiyo leo nina haki ya kujigamba kwamba nimefika Ulaya bila pasipoti wala viza, na nimekula muhogo huko. Kilosa yenyewe ni mji wa reli na mkonge. Reli ya Kati iliupitia tangu enzi za Mjerumani, mashamba ya mkonge ya Kimamba na kwingineko yakavuta manamba kutoka kila pembe, na siku hizi treni ya umeme nayo inapita na mahandaki yake. Ukikaa kwenye kijiwe cha kahawa jioni unaweza kuhesabu makabila kumi: Wasagara na Wakaguru wenye nchi, Wavidunda, Waluguru, Wagogo, Wahehe, Wangoni, Wanyamwezi na wengineo. Na palipo na makabila kumi pana watani, na palipo na watani utasikia matusi ambayo Mikumi yangeleta ambulansi.

Mimi asili yangu ni Unyamwezini, na Mzaramo ni mtani wangu, kwa hiyo nayajua haya tangu utoto. Mzaramo akinikuta msibani anaweza kusema mimi ni mpagazi wake niliyetoroka na mzigo, anaweza kumtaja bibi yangu vibaya, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Pale Kilosa mzee mmoja wa Kikaguru, ambaye wote kijiweni walimwita mjomba, alinieleza ya kwao. Kwa Wakaguru utani hauko kati ya kabila na kabila tu, upo hata kati ya ukoo na ukoo. Ukoo wako una watani wake maalumu. Hao wanaweza kukutukana, kukupora kitu, kumwiga maiti alivyokuwa anatembea, na kusema mambo ya nguoni mbele ya watu wazima. Lakini hao hao ndio wenye kazi kwenye msiba wako. Wanashughulika na maziko, na ndio wanaowatakasa wafiwa, shughuli ambazo ndugu wa damu haziwahusu.

Hapo ndipo nilipopata jibu la nusu ya swali langu. Ruhusa ya kutukana kwenye utani haitolewi bure. Kwanza ni ya pande mbili, unatukana na unatukanwa. Pili ina mipaka: mkwe hatajwi hovyo, na mtu akionekana ameumia kweli watani wenyewe wanatulizana. Tatu, na hili ndilo kubwa, ina deni. Aliyekutukana leo atashika jembe siku ya msiba wako.

Tulipokuwa kwenye mazungumzo hayo, kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa anasikiliza akadakia. Alisema hata wao kijiweni kwao wanawatania abiria wa kike, hawana nia mbaya, siku hizi wanawake wamekuwa wepesi wa kununa. Mjomba akamuuliza taratibu, "Mjomba, huyo binti uliyemwita jina lile asubuhi, unajua kwao?" Kijana akasema hajui, ni abiria tu. "Mama yake akifa nani atakuja kukuambia?" Kijana akacheka, akatikisa kichwa, akasema si angemlipa nauli tu yaishe. Kijiwe kizima kikamcheka yeye. Sasa urudi kwa wale wasomi wa Punch. Walichora usiku, hawakuandika majina, na hakuna aliyeweza kuwachora wao. Mtani gani huyo anayejificha uso?

Kuna jingine la Kilosa ambalo halikunitoka kichwani. Wakaguru, Wasagara, Waluguru, Wavidunda, pamoja na Wazigua na Wazaramo wa huku pwani, ni watu wa ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, mjomba ndiye mwenye sauti kubwa, ardhi na mizimu vimefuata tumbo. Kwa hiyo katika nchi hii mama ndiyo mlango ambao ukoo mzima umepitia. Ukimtukania Mkaguru mama yake, umewatukania mjomba, bibi, na mababu walioko makaburini. Ningetegemea basi kwamba katika nchi ya namna hii tusi hilo lisingekuwepo. Lipo tele! Nadhani lipo kwa sababu hiyo hiyo. Mwenye hasira hapigi pasipouma. Tunamtukana mama kwa kuwa tunajua fika kwamba yeye ndiye kitu chenye thamani kuliko vyote mtu alivyo navyo, na huo ni ushahidi wa ajabu wa heshima, ushahidi ambao mama mwenyewe nadhani angependa usitolewe.

Wanawake wao kwa wao je? Nisiseme sana, nitapigwa. Lakini wanajua kutukana bila kutukana. Vaa kanga yenye maneno, pita mbele ya mlango wa mke mwenzio, rudi, pita tena. Miaka ya 1990 tuliona mipasho ilivyopanda chati, TOT wakiwa na Khadija Kopa na Muungano wakiwa na Nasma Khamis Kidogo, ukumbi umegawanyika kama Simba na Yanga, na mama anakwenda kumtunza mwimbaji huku anamtazama jirani yake jicho la pembeni. Maneno yalikuwa makali, lakini yalikuwa na kifuniko. Aliyeumia ni aliyejijua. Wapo waliosema mipasho inawashusha wanawake. Sikubaliani nao sana. Wanaume waliokuwa wanasema hivyo ndio waliokuwa wanawahi viti vya mbele.

Nibakize wale wanaosema mkubwa asiyesikia atukanwe. Hawa hoja yao ni nzito, siwezi kuwapita kwa mzaha.

Machi 16, 1922, Nairobi, watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku aachiwe. Wazee wakatoka kwenye mazungumzo na serikali, wakawaambia watu watawanyike. Mwanamke wa Kikikuyu, Mary Muthoni Nyanjiru, akapandisha gauni lake juu ya mabega, akawaambia wanaume walivae wao, wampe yeye suruali zao, kwa kuwa ni waoga. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasogea kwenye lango, askari wakafyatua risasi. Taarifa ya serikali ilihesabu watu 21 waliokufa, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Alitumia tusi lile lile la "nyinyi ni wanawake". Lakini tazama nani anasema. Mwanamke ndiye aliyebaki amesimama, na tusi kinywani mwake lilipinduka, likawa linauliza kama suruali zina kazi gani. Na alilipa mwenyewe, kwa mwili wake, si kwa mwili wa mama wa mtu. Huyo mimi nampa ruhusa kwa mikono miwili, wa kuume na wa kike.

Stella Nyanzi wa Uganda ananipa tabu zaidi. Ni msomi, aliyekuwa mtafiti wa Makerere, na mwaka 2017 aliwekwa ndani kwa kumfananisha Rais Museveni na makalio. Hilo sina neno nalo, makalio kila mtu anayo. Septemba 2018, siku za kuzaliwa kwa rais, akatoa shairi mtandaoni akitamani kwamba rais angefia kwenye njia ya uzazi ya mama yake, na mama akatajwa kwa jina, Esteri. Agosti 2019 akahukumiwa miezi 18. Akajibu kwa kufunua matiti kwenye video kutoka gerezani Luzira. Februari 2020 Mahakama Kuu ikamwachia. Wanaomtetea wanasema Waganda wana desturi ya zamani ya ujeuri wa kisiasa, adabu ikiwa imegeuzwa kamba ya kumfungia mnyonge. Ni kweli. Mwaka 1948 Semakula Mulumba alimwandikia askofu wa Kianglikana barua ya jeuri tupu kukataa mwaliko wa chakula, na wakoloni walishikwa na butwaa.

Kumfunga mtu miezi 18 kwa shairi ni uonevu, hilo sibishani na mtu. Na sitaki kumfundisha adabu mwanamke aliyelala Luzira, mimi nikiwa nimekaa kivulini Kilosa na kikombe cha kahawa. Lakini Mulumba aliweza kumvunjia heshima mkubwa mpaka akakosa hamu ya kula, na hakumhitaji mama wa askofu. Nyanjiru naye hakumhitaji mama wa gavana. Nyanzi ana maneno kuliko wote wawili, na maovu aliyoyataja yalikuwa ya mtu mzima aliyeko madarakani tangu mwaka 1986. Esteri Kokundeka alifariki mwaka 2001. Shairi lilipotoka alikuwa na miaka 17 kaburini, na Ikulu hakuwahi kukaa yeye.